Rilei ya pampu ya petroli: gari spoti la zamani kwenye hewa ya chumvi ya Malindi

Gari spoti la zamani likizimika mchana wa kaskazi baina ya Malindi na Gede, kisha likakubali kuwaka baada ya robo saa kivulini, fundi wa kwanza atasema pampu imekufa na wa pili atalaumu kabureta. Mara nyingi pampu ni nzima. Inachokosa ni umeme wa kutosha, na umeme huo umepotelea njiani: kwenye fyuzi yenye kutu, kwenye swichi ya ufunguo iliyochoka, kwenye rilei yenye ufa wa lehemu, au kwenye boliti ya athi, inayorudisha umeme kwenye bodi, iliyoliwa na chumvi. Kwa hiyo kabla hujaagiza pampu Ulaya na kulipia usafiri na ushuru, toa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme.

Rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Koili yake huvuta kama ampea 0.15 tu, inageuka sumaku, inavuta ulimi wa chuma, pointi zinagusana, na umeme wa pampu unapita hapo ukitoka betri moja kwa moja. Chini ya rilei za kawaida za volti 12 pini zina namba. 30 ni umeme wa betri, 87 inakwenda kwenye pampu, 86 na 85 ni ncha mbili za koili. Ukikuta 87a, hiyo inapata umeme rilei ikiwa imelala. Pampu ikifungwa hapo itanguruma gari likiwa limezimwa, na itanyamaza ukiwasha ufunguo. Rilei ya pini tano yenye 87a na ile yenye 87 mbili zinafanana kabisa kwa nje, basi soma mchoro ulio ubavuni kabla ya kuchomeka.

Jua kwanza gari lako linawashaje pampu

MGB, gari spoti la Kiingereza, iliyotoka kiwandani na pampu ya aina ya SU haina rilei ya pampu. Waya mweupe unatoka swichi ya ufunguo hadi kwenye pampu, na kwa miaka mingi ya gari hilo waya huo haukupitia fyuzi. Kwa rangi za Lucas, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya magari ya Kiingereza, nyeupe ni umeme wa ufunguo usio na fyuzi, kijani ni umeme wa ufunguo uliopita fyuzi, kahawia ni umeme wa betri wakati wote, nyeusi ni athi. Waya mweupe ukichubuka chini ya gari na kugusa bodi, hakuna cha kuukata ila moto.

Gari za injekta aina ya L-Jetronic, mfumo wa Bosch, kwa mfano Datsun 280Z ya 1975 au Fiat Spider 2000, zina kipima hewa chenye mlango, na ndani yake mna swichi ndogo. Injini ikivuta hewa mlango unafunguka na pampu inafanya kazi. Injini ikisimama mlango unajifunga na pampu inakatwa. Kuipima ni rahisi: toa mpira wa hewa, washa ufunguo bila kustati, sukuma mlango kwa kidole. Pampu inyamaze ukiachia, ingurume ukisukuma. Isiponguruma hapo, lakini ikanguruma wakati wa kupiga stata, shuku swichi hiyo au waya wake, maana wakati wa stata rilei hupewa umeme kwa njia nyingine. Dalili yake barabarani inajulikana: gari linawaka ukishika ufunguo kwenye stata, linazima mara tu ukiachia.

Porsche 911 za K-Jetronic, mfumo mwingine wa injekta wa Bosch, za miaka ya 1970 zina wazo hilohilo, ila swichi iko kwenye sahani ya kupimia hewa. Hapa angalia sana. Kwenye L-Jetronic unaweza kusukuma mlango bila madhara kwa kuwa injekta husubiri mapigo ya moto. Kwenye K-Jetronic injekta hufunguliwa na presha ya mafuta, kwa hiyo ukiinua sahani huku pampu inafanya kazi, petroli inamwagika ndani ya silinda na kuosha oili ukutani. Chomoa soketi ya swichi badala ya kuinua sahani.

Mercedes SL za R107 zenye K-Jetronic zina rilei ya kielektroniki inayosikiliza mapigo ya koili ya moto. Yasipofika, inakata pampu. Porsche 944 na 911 Carrera 3.2 zina rilei ya DME (DME ni mfumo wa kompyuta ya injini), kisanduku kimoja chenye rilei mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya pampu. Hizo mbili zimewaacha watu wengi kando ya njia, nitazirudia.

Kupima volti pampu ikifanya kazi

Kipimo cha maana hufanywa pampu ikivuta umeme. Waya uliobaki na nyuzi mbili tu utakuonyesha volti 12 kamili ukichomoa pampu, kwa sababu hakuna kinachopita. Ukirudisha pampu, volti zinaanguka. Mafundi wengi hupima kwa taa ndogo ya testa kwenye soketi iliyochomolewa, taa inawaka, wanatangaza kwamba umeme upo. Upo, lakini haufiki ukihitajika.

Pampu ikinguruma, weka ncha moja ya multimita kwenye chanya ya pampu na nyingine kwenye hasi yake palepale, kisha pima betri. Tuseme betri inasoma 12.4 na pampu 11.9: hiyo inakubalika. Pampu ikisoma 10.8, umepoteza volti 1.6 na injini ya injekta itakosa nguvu kwenye mlima au kwa kasi, hata kama inatulia vizuri ikiwa imesimama. Sasa igawe hasara hiyo. Weka ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye chanya ya pampu: namba unayoiona imepotea upande wa kwenda. Kisha hasi ya pampu na hasi ya betri: hiyo imepotea kwenye athi. Kwa jumla usikubali zaidi ya volti 0.5, na kwenye athi peke yake isizidi 0.2. Huku pwani mimi huanza na athi, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa na ndiyo iliyo chini ya gari, karibu na maji na mchanga.

Upande wa kwenda una wahalifu wake. Magari mengi ya Italia na Ujerumani ya zama hizo hutumia fyuzi zile za kauri zenye ncha za chuma pande mbili: njano ni ampea 5, nyeupe 8, nyekundu 16, samawati 25. Ncha zake zinashikwa na vibano vya shaba tu, na hewa ya bahari inaingia hapo bila kubisha. Fyuzi haijakatika, ukiitazama ni nzima, lakini ukiishika ina joto. Izungushe kwa kidole; pampu ikibadilisha sauti, umemjua mwizi. Ondoa, safisha vibano kwa msasa laini namba 400, vibane kidogo kwa koleo, weka fyuzi mpya yenye utepe wa shaba kuliko ule wa alumini.

Rilei inayokufa kwa joto

Gari linawaka asubuhi, linakwenda nusu saa, linazima ghafla kama limekatwa na ufunguo. Ukingoja dakika kumi au ishirini linawaka. Watu husema petroli imechemka kwenye paipu, na kwa gari la kabureta huku kwetu jambo hilo hutokea kweli. Tofauti yake unaisikia kwa sikio. Petroli ikichemka, pampu bado inalia, tena kwa sauti kavu ya kasi kuliko kawaida, na injini hukohoa kabla ya kuzima. Rilei ikikata, pampu iko kimya kabisa na injini haikohoi.

Kinachotokea ndani ya rilei ya DME na zile za kielektroniki za Mercedes ni ufa wa duara kwenye lehemu, kuzunguka mguu wa pini. Joto linatanua kibao cha saketi, mguu unaachana na lehemu kwa unene wa unywele, umeme unakatika. Ikipoa inarudi. Ndiyo maana fundi akiipima ikiwa baridi mezani haoni kitu. Ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele dakika tatu huku imefungwa garini, au igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi injini ikiwaka; injini ikizima, umeupata ufa.

Njia ya haraka ya kuihukumu ni kuiondoa na kuunganisha pini za soketi kwa kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 15 katikati. Kwenye rilei ya kawaida ni 30 na 87. Kwenye soketi ya DME ya 944 na Carrera 3.2 ni 30 na 87b, na pampu itanguruma bila kujali ufunguo. Hicho ni kipimo cha gereji. Kuna wanaoacha waya huo humo na kwenda nao Watamu na kurudi. Gari likipinduka au paipu ikikatika, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto. Ukilazimika kufika nyumbani hivyo, weka swichi unayoweza kuifikia kwa mkono.

Kulehemu upya kunawezekana. Fungua kifuniko kwa kubonyeza ndimi za pembeni, tazama kwa kioo cha kukuzia, nyonya lehemu ya zamani yote, kisha weka mpya ya 60/40 (bati 60, risasi 40) kwa chuma cha wati 40 hadi 60. Kupaka juu ya ile ya zamani hakudumu, kwa sababu chini kuna kutu. Pointi zikiwa nyeusi zenye mashimo, usizisage kwa msasa ukadhani umetengeneza. Unaondoa tabaka la fedha, na baada ya hapo zinaungua kwa kasi zaidi. Hiyo ni ya kutupa.

Rilei ya kawaida ya pini nne inapimwa hivi. Baina ya 85 na 86 utasoma omu 70 hadi 100. Ukisoma karibu mara nne ya hapo, umeuziwa ya volti 24 ya lori, na itakuwa inavuta ikitaka. Ipe volti 12, itabofya. Mlio huo unakuambia koili ni nzima, haukuambii lolote kuhusu pointi. Funga balbu ya taa kubwa ya wati 55 kati ya 87 na athi, ambayo huvuta zaidi ya ampea 4 na nusu, halafu pima volti kati ya 30 na 87 balbu ikiwaka. Isome chini ya 0.1. Ikifika 0.3, usiifunge garini hata kama ni mpya na imeandikwa 40A kwa herufi kubwa.

Kuongeza rilei mahali ambapo haikuwepo

Niseme wazi kwamba kwa MGB yenye pampu ya SU faida ya volti ni ndogo. Pampu hiyo huvuta ampea chache, na pointi zinazoungua ni zile zilizo ndani ya pampu yenyewe, ambazo rilei ya nje haizisaidii. Ikinyamaza na ukiigonga ikaanza kutiktika, hizo pointi za ndani ndizo tatizo. Ikitiktika mbio bila kukoma, inavuta hewa au tangi ni kavu. Sababu ya kuweka rilei kwenye MGB ni kupata fyuzi na mkato wa dharura, na kuipumzisha swichi ya ufunguo. Kwa pampu za injekta, ambazo zinaweza kuvuta ampea 8, faida ni kubwa.

Unene wa waya unahesabika. Mita 5 za waya wa shaba wa milimita mraba 1 zina omu karibu 0.09, kwa ampea 8 unapoteza volti 0.7 kabla hujafika kwenye athi. Waya wa milimita mraba 2.5 kwa urefu huohuo unapoteza chini ya 0.3. Basi nunua mita 6 za 2.5 nyekundu na mita 2 nyeusi, mita 3 za milimita mraba 1 kwa ajili ya koili, soketi ya rilei yenye temino za milimita 6.3, kishikio cha fyuzi chenye kifuniko cha mpira, na mipira ya kusinyaa kwa joto yenye gundi ndani. Fyuzi ya pampu ya injekta iwe 15. Ya pampu ndogo ya kabureta, 5 au 7.5.

Ondoa kwanza waya wa betri ulio upande wa athi. Umeme wa 30 utoke kwenye betri au kwenye boliti kubwa ya stata, na fyuzi ikae ndani ya sentimita 20 kutoka hapo, kwa sababu sehemu iliyo kabla ya fyuzi haina ulinzi. Waya wa zamani uliokuwa ukilisha pampu usiukate. Uhamishie kwenye 86. Kwenye MGB kazi hii ni fupi mno, maana betri ziko nyuma ya viti na pampu iko jirani: rilei inakaa hapohapo, waya mweupe unaingia 86, na waya mpya wote hauzidi mita mbili. 85 inakwenda athi, 87 kwenye pampu, na pampu inapata waya wake mpya wa athi hadi kwenye bodi palipokwanguliwa rangi.

Koili ya rilei inapozimwa hurusha volti nyingi kinyume, zinazoweza kuharibu transista za saketi nyingine. Chukua rilei yenye rezista au dayodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani. Yenye dayodi inajali upande: 86 lazima iwe chanya. MGB za kabla ya mwisho wa 1967 zina athi ya chanya, kwa hiyo ukiifunga kwa mazoea utapiga shoti na kuiunguza dayodi siku ya kwanza. Kwa gari kama hilo tumia yenye rezista, haichagui.

Mkato wa ajali usiuache. Swichi inayokata kwa mshtuko, yenye kitufe juu cha kurudishia, ilikuwemo kwenye Range Rover na Discovery za injekta, na Land Rover zilizochakaa hazikosekani mji ambao safari za Tsavo huanzia. Ifunge ikiwa wima, kwenye chuma kigumu. Wengi huiweka kwenye waya wa koili kwa kuwa umeme wake ni mdogo. Mimi naipendelea kwenye waya wa 87 kwenda pampu, maadamu inabeba ampea hizo, kwa sababu pointi za rilei zikishikana kwa kuungua, kukata koili hakusimamishi kitu.

Hiyo swichi haisaidii injini ikizimika bila kugongwa. Kwa hilo kuna rilei inayosoma mapigo kutoka namba 1 ya koili ya moto: inaipa pampu sekunde chache ukiwasha ufunguo, kisha inaendelea ikiwa tu injini inazunguka. Njia ya swichi ya presha ya oili nayo hutumika, lakini inahitaji umeme wa pili kutoka stata wa kuanzia. Waya huo wa stata usipowekewa dayodi, presha ikishapanda umeme unarudi nyuma na kuipiga stata injini ikiwa inawaka. Swichi ya taa ya oili iliyopo haifai hapa, kwani hiyo hufunga saketi wakati presha haipo.

Vipuri vya hapa na chumvi ya hapa

Kwenye maduka na gereji za Malindi utapewa rilei za Toyota kabla ya kitu kingine. Ni nzuri, nyingi zinadumu kuliko zile mpya za bei ya chini. Lakini namba zake ni nyingine: 1 na 2 ni koili, 3 na 5 ni pointi, 4 ikiwepo ni sawa na 87a. Chukua na soketi yake, ukate na nyaya zake urefu wa shibiri, usilazimishe kwenye soketi ya Ulaya.

Kwa nyaya, ulizia mafundi wa boti za uvuvi wa bahari kuu. Wao hutumia waya ambao kila uzi umepakwa bati, na huo hauliwi na kutu ya kijani inayopanda ndani ya plastiki. Ukiunganisha kwenye waya wa zamani, kata nyuma mpaka uone shaba inayong'aa. Nikiona bado nyeusi baada ya sentimita 15, nabadilisha waya wote. Temino zibanwe kwa koleo lake, lile la meno, wala si plaisi. Rilei ielekeze pini chini, na nyaya zishuke kwanza ndipo zipande kuingia kwenye soketi, ili maji ya masika yadondokee kwenye kona hiyo. Pini zipakwe grisi ya silikoni kidogo sana. Pale pa athi kwangua rangi, weka washa ya meno, kaza, halafu paka rangi juu ya vyote.

Rilei mpya ikiungua tena ndani ya muda mfupi, acha kuilaumu. Weka multimita mahali pa fyuzi kwenye kipimo cha ampea 10 na usome pampu inavuta kiasi gani. Pampu ya presha kubwa inayosukuma dhidi ya filta iliyoziba hufanya kazi ngumu na huvuta zaidi, na tangi lililokaa miezi na petroli nusu huku pwani hufanya kutu kwa ndani ya kutosha kuziba filta mpya. Badilisha filta, toa petroli yote tangini uitie kwenye chombo cha chuma mbali na betri, tazama rangi ya kinachotoka mwisho, kisha pima ampea tena.